Glasi Moja, Mapipa ya Nchi Mbili

Mililita 60 za bourbon. Mililita 120 za soda kali ya tangawizi. Maji ya ndimu mililita 15, shira ya maple mililita 15, barafu hadi glasi ijae. Ndicho kinywaji chenyewe. Jamaa yake asiye na maple Wamarekani humwita Kentucky Mule, yaani nyumbu wa Kentucky: nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, si huyu wetu wa Serengeti. Ukikichanganya nyumbani kwa bei za kawaida za duka la Marekani, glasi moja inakugharimu karibu dola 3.76. Na katika dola hizo tatu na ushei, mahindi yaliyozaa bourbon yanachukua senti moja tu.

Nimeirudia hesabu ya senti hiyo mara tatu, maana sikuiamini. Bourbon ni pombe ya mahindi. Bila mahindi haina hata haki ya kuitwa jina hilo. Iweje basi mahindi yawe senti moja na toti yake iwe dola 2.40? Jibu limelala maghalani, na ukilifuata huko utaelewa pia kwa nini kile kijiko cha shira kina bei kiliyonayo.

Kwanza niweke bei mezani ili tuhesabu pamoja. Nimechukua chupa ya bourbon ya mililita 750 kwa dola 30, kopo la soda ya tangawizi la mililita 355 kwa dola 1.50, ndimu kubwa moja kwa senti 50, nusu lita ya shira ya maple kwa dola 16, na mfuko wa barafu wa kilo 4.5 kwa dola 3. Ni bei za mfano. Ukinunua ya juu au ya chini badilisha tarakimu, uwiano hautayumba sana. Chupa moja inatoa glasi 12 na nusu, kwa hiyo bourbon ni dola 2.40. Soda ni senti 50. Shira ni senti 48. Nusu ndimu ni senti 25, na gramu 200 za barafu ni senti 13. Bourbon peke yake imebeba asilimia 64 ya gharama. Soda, ambayo ni zaidi ya nusu ya kinywaji kwa ujazo, imebeba asilimia 13, na shira, ambayo haifiki hata kumi ya ujazo, imebeba karibu kiasi hicho hicho.

Sasa twende Kentucky.

Sheria ya Marekani haiachi nafasi ya kubabaisha kuhusu bourbon. Lazima itengenezwe Marekani, na tangu 1964 Bunge la nchi hiyo limeitambua kuwa bidhaa ya pekee ya taifa. Nafaka yake iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi. Wengi hufika 70 au 75, kisha wakamalizia na rai au ngano, na kimea cha shayiri. Ikikenekwa isizidi nguvu ya asilimia 80. Inapoingia kwenye pipa isizidi asilimia 62.5. Pipa lenyewe liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa kwa ndani mpaka ukuta wake ukawa mkaa. Na ikitiwa chupani isishuke chini ya asilimia 40.

Kilo moja ya nafaka hutoa takriban mililita 390 za pombe halisi. Chupa ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 40 ina pombe halisi mililita 300. Ukijumlisha na kinachopotea ghalani kwa miaka minne, chupa hiyo imekula karibu gramu 900 za nafaka, unga wa ugali wa familia ndogo kwa mlo mmoja. Ukiigawa kwa glasi unapata gramu 72, na kati yake mahindi ni gramu 54: punje kama 180, chini ya theluthi ya gunzi moja. Mkulima akiuza busheli, ambayo ni kilo 25.4, kwa dola 4 na nusu, gramu hizo 54 ni senti moja kasoro chembe.

Shamba limemaliza kazi yake hapo. Kinachofuata ni pipa.

Pipa la kawaida lina galoni 53 za Kimarekani, karibu lita 200, na tuseme linagharimu dola 250. Mbao zake zimetoka kwenye mwaloni mweupe ambao mara nyingi umekua miaka 70 au zaidi kabla ya kukatwa. Kwa kuwa sheria inataka pipa jipya, kwa bourbon linatumika mara moja tu. Likishatoa mzigo wake wa kwanza huuzwa kwingine, na wiski nyingi ya Scotland hukomaa ndani ya mapipa yaliyokwisha kulaza bourbon. Mengine huenda kwenye ramu na tequila.

Mbao zinapumua. Kiangazi cha Kentucky kinapopasha ghala joto, pombe inaingia ndani ya mbao; baridi ikirudi, inatoka ikiwa na rangi na ladha, na kila mwaka sehemu yake inapaa hewani. Watengenezaji huiita fungu la malaika, na kwa Kentucky hukadiriwa kuwa asilimia 3 hadi 5 kwa mwaka. Tuchukue 4. Baada ya miaka minne pipa limebakiwa na asilimia 85 ya kilichotiwa, sawa na chupa kama 354 baada ya kuongezwa maji mpaka nguvu ishuke hadi asilimia 40. Baada ya miaka 12 imebaki asilimia 61, chupa 255. Mtu anayekaa karibu na maghala hayo haambiwi habari za malaika, anaziona: mvuke wa pombe hulisha kuvu mweusi aitwaye Baudoinia, na kuta za nyumba, miti na hata alama za barabarani hupakwa weusi. Miji ya Louisville na Lexington ina wazungumzaji wengi wa Kiswahili, wengi wao wametoka mashariki mwa Kongo. Wao wanaweza kuyatazama mandhari haya wakiwa ndani ya basi la kwenda kazini.

Lakini malaika si mwizi mkubwa kuliko riba. Fikiria pipa lililojazwa limekugharimu dola 900, nafaka na kuni na mishahara na mbao zote ndani, na fedha hiyo umekopa kwa riba ya asilimia 8. Miaka minne baadaye deni limekuwa dola 1,224. Ligawe kwa chupa 354, kila moja imekula dola 3.46. Subiri miaka 12: deni ni dola 2,266, chupa zimepungua kuwa 255, na kila moja sasa ni dola 8.89. Mwanzo ulikuwa uleule, mahindi yaleyale, pipa lilelile, na gharama ya chupa imepanda zaidi ya mara mbili na nusu kwa sababu ya kukaa tu. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anaujua uchungu wa mzigo uliolala. Hawa wamejenga biashara nzima juu yake.

Kisha serikali. Kodi ya shirikisho ni dola 13.50 kwa kipimo chao cha galoni yenye nguvu ya asilimia 50, ambayo kwa chupa yetu ni dola 2.14, au senti 17 kwa glasi. Kodi imepita mahindi mara kumi na saba. Wazalishaji wadogo wana nafuu, maana galoni 100,000 za mwanzo za mwaka hutozwa dola 2.70 tu, na kwa kiwango hicho chupa inalipa senti 43. Kodi hii inadaiwa bourbon inapotoka ghalani, hivyo malaika hawatozwi. Ila Kentucky yenyewe imekuwa ikitoza kodi ya mali kwa kila pipa, kila mwaka linapokaa. Sheria ya 2023 imeanza kuiondoa kidogo kidogo kuanzia 2026, na haitakwisha mpaka 2043. Wilaya ndogo ambazo shule zake zimeitegemea kodi hiyo hazikufurahi, na mimi naona zilikuwa na hoja: ghala lililojaa linahitaji barabara na zimamoto kama nyumba nyingine yoyote.

Jumlisha: dola 3.46 za pipa na riba, dola 2.14 za kodi, unapata dola 5.60 kwa chupa ya dola 30. Zilizobaki zinakwenda kwenye kodi ya ghala, kioo, lebo, matangazo, na mikono ya kati. Mikono hiyo ipo kwa mujibu wa sheria. Marekani ilipofuta marufuku ya pombe mwaka 1933, majimbo mengi yaliweka ngazi tatu, kwamba mtengenezaji amuuzie msambazaji, msambazaji amuuzie mwenye duka, na kila ngazi ichukue chake.

Shira ya maple ina ghala lake pia, lakini hadithi yake inaanzia mbali kabisa na mapipa.

Msomaji wa pwani anamjua mgema. Anapanda mnazi alfajiri, anachega kole, anateremka na kibuyu, na tembo likilala siku mbili limekuwa jambo jingine. Watu wa Iringa na Njombe wanajua ulanzi wa mianzi, unaogemwa wakati wa mvua. Mgema wa maple ni ndugu yao, isipokuwa yeye hapandi, anatoboa. Mti wake unapaswa kuwa na kipenyo cha sentimita 25 au zaidi, na mti wa maple hufika hapo ukiwa na miaka kama 40. Tundu lina upana wa milimita 8 na kina cha sentimita nne au tano. Utomvu hutiririka mwishoni mwa baridi, Februari mpaka Aprili, na kwa sharti moja: usiku kuwe na barafu, mchana iyeyuke. Usiku ukiwa na joto, hakuna kitu. Mchana ukibaki na barafu, hakuna kitu. Mavuno ya mwaka mzima yamebanwa ndani ya wiki nne hadi sita.

Utomvu huo ni mweupe kama maji, na sukari yake ni asilimia 2 tu. Wagema wana kanuni: gawa 86 kwa asilimia ya sukari, utapata lita za utomvu zinazohitajika kwa lita moja ya shira. Kwa asilimia 2 ni lita 43. Kwa kawaida watu husema 40. Kwa hiyo mililita 15 za shira kwenye glasi yetu zilikuwa mililita 600 za utomvu. Kinywaji chote, ukiondoa barafu, ni mililita 210. Kijiko kimoja cha shira kimetoka kwenye utomvu ambao ungejaza karibu glasi tatu nzima za kinywaji hicho.

Maji hayo mengine, gramu kama 585, yalichemshwa yakaisha. Kuyapasha kutoka baridi ya msituni na kuyageuza mvuke kunataka megajuli 1.56, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea kwenye jiko. Kwa moto huo huo ungechemsha lita 4 na nusu za maji ya chai, vikombe zaidi ya ishirini. Siku hizi wagema wakubwa husukuma utomvu kwanza kupitia vichujio vinavyotoa sehemu kubwa ya maji bila moto, na kuni au mafuta hupungua sana. Hata hivyo mwisho lazima uwe moto, mpaka shira ifike nyuzi 104, kwa sababu rangi na ladha ya maple huzaliwa kwenye moto. Senti 48 kwa kazi yote hiyo, kwangu mimi, ndiyo bei iliyo rahisi kuliko zote ndani ya glasi.

Jimbo la Quebec nchini Kanada linatoa zaidi ya theluthi mbili ya shira ya maple ya dunia. Kwa kuwa mavuno yanategemea usiku kuganda na mchana kuyeyuka, tarakimu zake zinaruka. Mwaka 2022 Quebec ilivuna ratili milioni 211. Mwaka 2023 zilishuka hadi 124. Mwaka 2024 zikapanda hadi 239, kilo milioni 108, rekodi. Nyanya zikiyumba hivyo sokoni Ilala, bei ya fungu inapanda mara tatu. Bei ya maple haikufanya hivyo, kwa sababu chama cha wazalishaji wa Quebec kina akiba kuu iliyoanzishwa mwaka 2000, na ghala lake linalojulikana zaidi liko Laurierville. Mwaka wa neema wanajaza mapipa. Mwaka wa njaa wanayafungua. Mwishoni mwa 2021 walitangaza kutoa ratili milioni 50 kwa mpigo, karibu nusu ya akiba yote.

Thamani ya mapipa hayo wezi waliijua mapema. Kati ya 2011 na 2012, kutoka ghala la kukodi huko Saint-Louis-de-Blandford, zilinyonywa karibu tani 3,000 za shira zenye thamani ya dola za Kanada zaidi ya milioni 18, na baadhi ya mapipa yakarudishwa yamejaa maji. Wizi uligundulika mkaguzi alipopanda juu ya mapipa kuyahesabu, na moja likayumba chini ya miguu yake kwa kuwa lilikuwa tupu. Kwa kipimo cha gramu 20 kwa glasi, tani hizo zingetosha glasi zipatazo milioni 150.

Kentucky na Quebec, basi, zote mbili zinauza kilicholazwa kwenye mapipa, lakini kwa sababu mbili tofauti kabisa. Bourbon inalazwa kwa kuwa muda ni sehemu ya utengenezaji wake. Kuitoa mapema ni kuiharibu. Shira ilikuwa tayari tangu siku ilipoepuliwa. Inalazwa kumlinda mgema dhidi ya hali ya hewa, na mnunuzi dhidi ya mwaka mbaya. Ghala la kwanza huongeza gharama kila mwaka unaopita. La pili huizuia bei isirukeruke. Katika glasi moja unalipia yote mawili, na kwa lile la Quebec mimi nalipa kwa moyo mweupe zaidi.

Ndimu haina ghala. Maji yake ukiyakamua asubuhi, jioni yamechacha ladha. Ndiyo maana bei yake ikiyumba hakuna wa kuidaka. Masika ya 2014 mvua, ugonjwa wa miti na magenge ya uhalifu yaliyowatoza wakulima wa Michoacán viliungana, na kasha la ratili 40 la ndimu za Meksiko, lililokuwa likiuzwa Marekani kwa dola kama 25 au 30, likapita dola 100. Nusu ndimu yetu ya senti 25 ingefika senti 80 au zaidi, na kuipita shira. Ndimu hizo za dukani Marekani ni kubwa, hazina mbegu, na hutoa mililita 30 za maji. Ukitumia ndimu zetu ndogo za Unguja, ambazo nazipenda zaidi kwa harufu, hesabu mbili badala ya moja.

Soda ya tangawizi nayo ikishafunguliwa haina subira, gesi inakwenda zake. Hata hivyo ndiyo chanzo cha ukoo huu wa vinywaji. Mwaka 1939 John G. Martin wa kampuni ya Heublein alinunua haki za vodka ya Smirnoff kwa dola 14,000, na Wamarekani hawakuitaka. Huko Los Angeles, Jack Morgan wa baa ya Cock 'n' Bull alikuwa na soda ya tangawizi isiyotoka. Mwaka 1941 mizigo miwili iliyolala ilikutana na ndimu, ikatiwa kwenye kikombe cha shaba, ikaitwa Moscow Mule. Wapo wanaobishana juu ya nani hasa alichanganya ya kwanza, lakini hesabu ya biashara haina ubishi: kinywaji kilibuniwa kuondoa mzigo dukani. Bourbon iliingia baadaye mahali pa vodka. Kuhusu vikombe vya shaba, jihadhari. Maji ya ndimu huyeyusha shaba, na mwaka 2017 mamlaka ya vileo ya jimbo la Iowa iliwakumbusha wenye baa watumie vikombe vilivyofunikwa ndani kwa chuma kisichoshika kutu au nikeli. Glasi ya kawaida inatosha.

Sasa utamu, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Shira ya maple ni sukari kwa asilimia 66 au 67, ilhali shira ya baa iliyopikwa sukari na maji sawa kwa sawa ni asilimia 50, na maple ni nzito zaidi pia. Mililita 15 za maple zina sukari gramu 13. Za shira ya baa zina kama gramu 9. Mtu akibadilisha moja kwa nyingine kipimo kwa kipimo, ameongeza karibu nusu ya utamu bila kujua. Soda nyingi za tangawizi zina sukari gramu 8 hadi 13 kwa mililita 100; kwa gramu 11, mililita 120 zinaleta gramu 13 nyingine. Glasi ina gramu 26, vijiko sita vya chai na nusu, na Shirika la Afya Duniani linasema ingekuwa vyema mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi kwa siku nzima. Upande wa pili, mililita 15 za ndimu zina asidi gramu 0.9 tu. Sukari imeizidi asidi karibu mara thelathini, na ulimi unalisikia hilo.

Mimi hupunguza maple hadi mililita 10 na kupandisha ndimu hadi 20. Sukari inashuka hadi gramu 22, asidi inapanda hadi 1.2, uwiano unakuwa 18 kwa 1, na tangawizi inaanza kuwasha kooni kama inavyotakiwa. Gharama inashuka hadi dola 3.68. Ukiwa umeizoea Stoney Tangawizi ya kwetu na ungependa kuitumia, hesabu hii ni muhimu zaidi, kwa sababu ni soda tamu kweli. Anza na maple mililita 5, onja, ndipo uongeze.

Utamu una hatari nyingine. Mililita 60 za bourbon ya asilimia 40 ni mililita 24 za pombe halisi, gramu 19. Barafu ikiyeyuka kidogo, glasi inakuwa na nguvu kama ya asilimia 10, lakini tangawizi na ndimu vinaificha. Pombe hiyo ni sawa na iliyomo kwenye chupa moja ya bia ya nusu lita tuliyoizoea Dar es Salaam na Nairobi, na hakuna anayeimaliza chupa ya bia kwa dakika tano. Kinywaji hiki watu hukimaliza. Glasi tatu ni chupa tatu, na anayeendesha gari anapaswa kuzihesabu hivyo.

Kwenye baa glasi hiyo hiyo utalipia dola 15, na watu hulalamika. Wenye baa hulenga gharama ya viungo iwe asilimia 20 hadi 25 ya bei. Dola 3.76 gawa kwa 0.25 ni dola 15.04. Robo tatu iliyobaki ni pango, mishahara, leseni, glasi zinazovunjika, ndimu zilizooza kabla hazijakamuliwa. Kosa dogo la mkono lina uzito hapo. Mhudumu anayezidisha bourbon kwa mililita 15 kwenye kila glasi ametoa senti 60, na kwa glasi 100 za usiku mmoja dola 60 zimeondoka. Akizidisha soda kiasi hicho hicho, ametoa senti 6 kwa glasi. Ndiyo maana kipimo cha chuma hukaa kwenye bourbon, na soda humiminwa kwa jicho.

Na kuna jambo linaloendelea ghalani ambalo litaigusa bei hiyo. Mwanzoni mwa 2025 Kentucky ilikuwa na mapipa zaidi ya milioni 16 ya bourbon na pombe kali nyingine yakikomaa, kwa jimbo lenye watu milioni 4.6. Mapipa matatu na nusu kwa kila mkazi. Kwa chupa 350 kwa pipa na glasi 12 na nusu kwa chupa, ni glasi bilioni 70, nane au tisa kwa kila mtu aliye hai duniani, mtoto na mzee. Malaika pekee wanachukua zaidi ya lita milioni 100 kwa mwaka. Mapipa hayo yalijazwa na watu walioamini unywaji ungeendelea kupanda. Haukupanda. Tarehe 4 Machi 2025, katika mgogoro wa ushuru kati ya Washington na Ottawa, majimbo ya Kanada yakaanza kuondoa vileo vya Marekani kwenye rafu za maduka yao ya serikali, Quebec ikiwamo. Mtu wa Montreal akawa na maple tele na hana bourbon ya kuichanganya nayo. Desemba mwaka huo kampuni ya bourbon ya Jim Beam ilitangaza kwamba mtambo wake mkuu wa Clermont hautakeneka kwa mwaka mzima wa 2026. Pipa lisilojazwa leo litakosekana 2030 na kuendelea. Yaliyojaa tayari yanadai riba kila usiku. Kwa mnunuzi wa chupa ya miaka minne, natarajia miaka michache ya bei laini. Kwa wafanyakazi wa Clermont hakuna tarakimu laini.

Mwisho, ukiwa na wageni 40. Tuseme kumi hawanywi pombe. Wapangie kwanza, wasibaki na maji ya bomba. Kwa kipimo changu unahitaji maji ya ndimu mililita 800, ndimu 27. Shira mililita 400, ile chupa ya nusu lita inatosha na kubaki, na nyuma yake kuna lita 16 za utomvu. Soda lita 4.8, makopo 14. Barafu kilo 8 za glasi, na nyingine kiasi hicho za kupozea makopo. Bourbon kwa watu 30 ni lita 1.8. Chupa kubwa ya Marekani ni lita 1.75, imepungua mililita 50, kwa hiyo mimina 58 badala ya 60 na hakuna atakayejua. Kwa chupa hiyo ya dola 50 na mifuko minne ya barafu, jumla ni dola 112.50, yaani dola 2.81 kwa mgeni. Baa ingewatoza wale 30 wa bourbon pekee 450.

Chukua majagi mawili. Moja litie ndimu na maple kwa ajili ya wale kumi: mililita 200 na mililita 100. La pili litie ndimu mililita 600, maple mililita 300 na chupa yote ya bourbon. Koroga sana, kwa sababu shira ikikutana na barafu kabla ya kuyeyuka inaganda chini kama gundi. Weka kwenye jokofu. Ndimu zikamue jioni hiyo hiyo. Soda usiifungue mpaka mgeni awe mbele yako ameshika glasi yake yenye barafu: mimina mililita 88 kutoka jagi lake, au 30 kwa asiyekunywa, kisha 120 za tangawizi polepole ukingoni, na geuza kijiko mara moja tu.